Kutapika Katika Mimba Changa: Usimwambie Daktari "Sijambo" Wakati Hujiwezi

Leo tunazungumzia miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, hasa kichefuchefu na kutapika kunakozidi kiasi, na tutaeleza zaidi utaratibu wa hapa Uingereza.

Nyumbani, mwenye mimba changa haachwi peke yake. Yupo mama, shangazi, wifi au jirani atakayemwona amelegea, macho yameingia ndani, aseme: "Huyu tumpeleke hospitali leo." Huku ugenini mume yuko shifti ya usiku, ndugu wako mbali, na wa kugundua kwamba umezidiwa ni wewe mwenyewe. Ukipiga simu nyumbani utaambiwa, "Vumilia mwanangu, ndiyo mimba hiyo." Mara nyingi maneno hayo ni kweli. Lakini kuna wakati si kweli, na ni vizuri kuujua.

KICHEFUCHEFU CHA KAWAIDA NI KIPI?

Wajawazito walio wengi hupata kichefuchefu. Huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7, huwa kikali zaidi karibu na wiki ya 9, na kwa wengi huwa kimetulia kufikia wiki ya 16 hadi 20. Huitwa cha asubuhi lakini huja saa yoyote. Wengine huchukia harufu ya vitunguu vikikaangwa, au hata manukato ya mume. Wengine mate huwajaa mdomoni mpaka watembee na kikopo cha kutemea. Yote haya yanachosha, lakini kama unakula kidogo, unakunywa na unakojoa kama kawaida, wewe na mtoto hamko hatarini.

LINI KINAKUWA UGONJWA?

Katika kila wajawazito 100, kati ya 1 na 3 hupata ugonjwa ambao madaktari wanauita hyperemesis gravidarum, kwa kifupi HG. Huyu hatapiki mara mbili tatu akaendelea na shughuli zake. Anatapika hata maji, hawezi kusimama jikoni, na uzito unashuka. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza kilo 3 au zaidi, hilo si jambo la kuvumilia tu. Catherine, mke wa mwanamfalme William, alilazwa hospitali London mwezi Desemba 2012 kwa ugonjwa huu huu. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni udhaifu, kudeka au mimba ya kwanza.

Chanzo chake sasa kinafahamika vizuri zaidi. Desemba 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walieleza kazi ya homoni iitwayo GDF15. Homoni hii hutoka kwa mtoto na kondo la nyuma, huingia kwenye damu ya mama, na kugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na homoni hii kidogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa mwili haukuizoea. Ugonjwa uko kwenye damu, si kwenye tabia. Wala si lazima awe mtoto wa kike, wala hakuna mtu aliyekutupia jicho.

Piga simu kwa GP wako au mkunga, au namba 111 wakati wamefunga, siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

- Umeshindwa kubakisha chakula au kinywaji chochote tumboni kwa saa 24
- Hujakojoa kwa zaidi ya saa 8, au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi
- Unasikia kizunguzungu au kutaka kuanguka ukisimama
- Uzito unashuka
- Unatapika damu, una homa, tumbo linauma, au mkojo unachoma

Ukiwa umesafiri nyumbani Afrika Mashariki ndani ya mwaka mmoja uliopita na una homa, taja safari hiyo mwanzo kabisa, bila kungoja kuulizwa. Malaria katika mimba ni hatari, nayo huanza na homa, kutapika na mwili kuuma. Daktari wa hapa asipoambiwa anaweza asiifikirie.

TATIZO LA "SIJAMBO"

Sisi tumelelewa kwamba mtu akikuuliza hali, unajibu kwanza "sijambo" au "nzuri", hata kama umelala kitandani wiki nzima. Kisha ndiyo unaongeza, "ila tumbo tu linanisumbua kidogo." Mswahili mwenzako anajua kwamba habari yenyewe iko baada ya ile "ila". Daktari wa Kiingereza hajui. Ana dakika chache, anasikia kwamba uko vizuri na unasumbuliwa kidogo, anaandika hivyo hivyo, na unarudi nyumbani na ushauri wa tangawizi.

Dawa ya tatizo hili ni kuzungumza kwa namba. Kabla hujapiga simu au kwenda, andika kwenye karatasi:

- Umetapika mara ngapi ndani ya saa 24
- Kichefuchefu kinakushika saa ngapi kwa siku
- Umekunywa vikombe vingapi bila kuvitapika
- Saa uliyokojoa mara ya mwisho
- Uzito wako kabla ya mimba na uzito wa leo
- Kazi unazoshindwa kufanya: kupika, kuoga, kumpeleka mtoto shule

Ukisema, "Jana nimetapika mara 12 na tangu saa kumi alfajiri sijakojoa," hakuna wa kukwambia ni kawaida. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi. NHS inamtoa bure, na anaweza kuwa kwenye simu. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Mambo ya damu na kizazi hayamfai, na wewe mwenyewe utayaficha mbele yake.

JE, DAWA HAZITAMDHURU MTOTO?

Hofu hii ina sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa iitwayo thalidomide ilitumika kutuliza kichefuchefu cha mimba, na watoto wengi walizaliwa na mikono na miguu isiyokamilika mpaka ikaondolewa mwaka 1961. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo dawa za leo zinaangaliwa kwa makini. Zinazoanza kutolewa, majina utakayoyaona kwenye boksi ni kama cyclizine, promethazine au prochlorperazine, zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi. Zikishindwa zipo nyingine, na daktari anaweza kuchanganya mbili. Kama unatapika vidonge, ziko za sindano na za kuweka njia ya haja kubwa. Mueleze daktari dawa nyingine unazotumia, za kienyeji zikiwemo. Usimeze dawa iliyobaki kwa rafiki wala iliyotumwa kutoka nyumbani.

Ukizidiwa utatundikiwa dripu, na mara nyingi mtu huingia asubuhi akatoka jioni. Utapewa pia vitamini B1, maana kutapika kwa muda mrefu huimaliza mwilini, na ikiisha huathiri ubongo. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili viwili au kuyumba akitembea, ni dharura. Kwa kuwa kulala sana bila maji huweza kugandisha damu, mguu mmoja ukivimba na kuuma pia nenda haraka. Ukipata maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, piga 999.

Hospitali wataangalia pia mimba kwa kipimo cha picha, maana mapacha, au mimba zabibu, huweza kuzidisha kutapika.

NYUMBANI UFANYE NINI?

Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili, usingoje njaa. Weka mkate mkavu au biskuti kando ya kitanda, ule kabla hujainuka. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto. Kunywa kwa kijiko au kwa kufyonza vipande vya barafu kama kikombe kinakushinda. Uji mwepesi, viazi vya kuchemsha au wali mkavu, chochote kinachokaa tumboni ndicho chakula bora kwa siku hiyo. Tangawizi huwasaidia wenye kichefuchefu chepesi, lakini mwenye HG humchoma tu. Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, endelea navyo hadi wiki ya 12 ukiweza. Vidonge vya madini ya chuma vikikutapisha, muulize mkunga kama inafaa kuvisimamisha kwa muda.

Tahadhari kubwa ni juu ya udongo wa kutafuna. Wengi wetu tunautamani, na unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika. Mamlaka ya chakula hapa Uingereza imewaonya wajawazito, kwa sababu udongo wa aina hii umekutwa na madini ya risasi na arseniki, ambayo humdhuru mtoto tumboni. Hamu ya udongo huweza pia kuwa dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie mkunga bila aibu.

Na kwa waume: mkeo akichukia harufu ya chakula, kipike wewe, au kula nje. Usimuulize kwa nini mke wa fulani alifanya kazi mpaka mwezi wa tisa. HG huwafikisha wengine kwenye huzuni kubwa, hata kutamani mimba iishe. Akisema hivyo, msikilize, kisha mpeleke kwa daktari.

DAMU NA MAUMIVU

Damu katika mimba changa haimaanishi kila mara kwamba mimba imeharibika, lakini haipuuzwi. Piga simu kwa GP au 111 uelekezwe kwenye kliniki ya mimba changa, ambako watakupima kwa picha. Usishtuke ukiambiwa urudi baada ya wiki moja, maana mimba ikiwa ndogo sana moyo wa mtoto hauonekani bado. Kama uliwahi kupoteza mimba na sasa unatoka damu, taja historia hiyo. Tangu mwaka 2021 mwongozo wa hapa unashauri wanawake wa namna hiyo, mimba ikionekana ndani ya mfuko wa uzazi, wapewe homoni ya projesteroni.

Lililo hatari zaidi ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, karibu 1 katika kila mimba 90. Dalili zake ni maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, maumivu kwenye ncha ya bega, na kuzirai. Hapo usingoje mume arudi wala asubuhi ifike. Piga 999.

Na mimba ikiharibika, usijilaumu. Kwa wanaojua kwamba ni wajawazito, karibu mimba 1 katika 8 huishia hivyo, na mara nyingi ni kwa sababu mbegu haikuunganika sawasawa tangu mwanzo. Si kwa sababu ulibeba mzigo au uligombana na mtu.

KAZI, GHARAMA NA KARATASI

Wengi wetu tunafanya kazi za kulea wazee, usafi na maghala, na tunaogopa kusema. Mwajiri akishajua kwa maandishi kwamba una mimba, analazimika kuangalia hatari za kazi yako. Siku unazoumwa kwa ajili ya mimba huandikwa peke yake, na sheria ya mwaka 2010 ya usawa inamkataza kukuadhibu kwa ajili yake. Omba pia cheti cha uzazi cha kupata dawa bure. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za daktari ni bure kwa wote.

Kuandikishwa kwa GP hakuhitaji pasipoti wala karatasi za uhamiaji. Kwa England, wasio na ukaazi wanaweza kuletewa bili ya huduma za uzazi hospitalini, lakini hospitali hairuhusiwi kukunyima wala kuchelewesha huduma hizo kwa sababu ya fedha. Bili inaweza kuzungumzwa baadaye na kulipwa kidogo kidogo. Usibaki ndani unatapika kwa kuiogopa.

Makala haya ni ya elimu tu, hayachukui nafasi ya daktari wako. Mpelekee dada unayemjua ana mimba changa na yuko peke yake, kisha mpigie. Akikujibu "sijambo", muulize tena: leo umekunywa vikombe vingapi?