Insha Isomwe na Jirani Kwanza

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda fildi, tupige hesabu kidogo. Darasa la tano lina watoto 80. Ukitumia dakika 4 kwa kila insha, unahitaji dakika 320, yaani zaidi ya saa tano, kusahihisha zoezi moja tu. Nani anazo? Ndiyo maana watoto wanaandikishwa insha chache, na daftari likirudi lina tiki, alama na neno "Jitahidi". Ajitahidi wapi? Hajui.

Mimi nashauri watoto wasomeane kwanza, wawili wawili pale pale kwenye dawati. Najua mtaniuliza: mtoto asiyejua kuandika atamsahihisha nani? Swali zuri. Lakini kusahihisha siyo kazi tunayompa. Tunampa kazi ya kusoma, halafu amjibu mwenzake maswali mawili: umependa wapi, na unataka kujua nini zaidi? Hilo mtoto wa miaka kumi analiweza.

Tuseme mmoja kaandika: "Mvua ilinyesha. Tulikimbia. Ilikuwa mbaya sana." Jirani anauliza: "Mlikimbilia wapi? Ubaya gani?" Mwandishi anarudi kuandika: "Tulikimbilia kwa bibi, lakini maji yalikuwa yameshaingia jikoni." Insha imekua, na mwalimu bado hajashika kalamu nyekundu.

Ila kuna masharti. Kwanza, onyesha ubaoni namna ya kuuliza, ukitumia insha uliyoitunga mwenyewe ili asichekwe mtoto yeyote. Pili, watoto wasipeane alama. Alama zitafuata urafiki na ugomvi wao. Tatu, lazima insha iandikwe upya. Bila hivyo, maoni yanabaki kuwa soga tu. Tahajia na sarufi bado ni kazi yako, lakini sasa unasahihisha nakala iliyokwisha kufikiriwa mara mbili.

Na anayefaidika siyo mwandishi peke yake. Mwaka 2009, Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza chuoni Marekani. Waliojifunza kutoa maoni juu ya kazi za wengine waliendelea zaidi katika uandishi wao kuliko waliojifunza kuyapokea tu. Hao hawakuwa watoto wa msingi, ni kweli, lakini sababu inaeleweka: ukizoea kuona pengo kwenye insha ya mwenzako, utaliona na kwenye yako.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha, kama insha iliandikwa jana: dakika 10 ubaoni, 10 za kusomeana, 20 za kuandika upya. Tusipofanya hivyo, kuna mtoto atamaliza la saba bila mtu yeyote kumuuliza, "Halafu ikawaje?" Na mtu ambaye hajawahi kuulizwa hivyo, ataandika kwa ajili ya nani?