Mbuzi Aliyetaka Kuitwa Ng'ombe

Wasomaji wa ukurasa huu ambao ni walimu wanajua jinsi majilisi yetu yanavyokuwa saa nne asubuhi, chai inapomiminwa na madaftari yanaposukumwa kando. Katika shule ninakofundisha, huku kwenye milima ya Kilungu, saa hiyo aghalabu ukungu huwa haujaondoka bondeni, na kila mmoja hukumbatia kikombe chake kwa mikono miwili. Siku moja muhula uliopita simu ya mwenzetu ilipitishwa mezani. Palikuwa na picha ya mbuzi aliyesimama mlangoni mwa zizi, na chini yake maandishi: "Kuanzia leo mimi ni ng'ombe. Atakayeniita mbuzi nitamshtaki." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaomba nitumiwe, na kabla kengele haijalia nilikuwa nimekwisha kuisambaza katika makundi matatu ya WhatsApp: la walimu wa Kiswahili, la ukoo wetu, na la kanisa.

Picha za namna hii vijana huziita mimu. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1976 na mwanabayolojia Mwingereza, Richard Dawkins, naye alilitumia kwa wazo lolote lirukalo kutoka kichwa kimoja hadi kingine, likijinakili kama jeni zinavyojinakili. Alipatia. Mbuzi wetu hakuzaliwa Kilungu. Babu yake ni mzaha wa Kiingereza ulioenea tangu mwaka 2014, ambamo mtu hutangaza kwamba yeye ni helikopta ya kivita na kudai aheshimiwe kama helikopta. Shabaha ya mizaha hiyo ni moja: watu waliobadili jinsia, yaani wale walioandikwa wavulana walipozaliwa nao wakajijua kuwa wasichana, au kinyume chake.

Nimezitazama nyingi tangu siku ile, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde. Karibu zote zimejengwa kwa mtindo mmoja. Upande huu yupo mtu peke yake. Hana mama, hana kijiji, hana kazi. Ametokeza leo asubuhi akiwa na amri mkononi. Upande ule ipo jamii nzima, imeduwaa, inatishwa kwa mashtaka. Anayedhulumiwa katika picha ni jamii. Sijaona hata moja inayoonyesha siku ya pili, mtu yule akipanda matatu, akipanga foleni, akitafuta kibarua.

Isitoshe, picha hizi hazichagui. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, simu zilijaa dhihaka juu ya bondia Imane Khelif wa Algeria, akionyeshwa kana kwamba ni mtu aliyebadili jinsia, ilhali alizaliwa na kulelewa msichana. Hali kadhalika huntha, wanaozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume kikamilifu, hutiwa katika chungu hicho hicho. Jirani zetu wa Kitui bila shaka wanalikumbuka jina la Richard Muasya, huntha aliyefungwa katika gereza la Kamiti pamoja na wanaume, na ambaye mwezi wa Desemba 2010 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi 500,000 kwa jinsi alivyodhalilishwa humo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na la watu waliobadili jinsia, lakini mchora dhihaka hana haja na tofauti.

Sasa nieleze sababu yangu. Wiki moja baada ya mbuzi yule nilipata mgeni. Alinisubiri sokoni Nunguni, mbele ya duka la mbolea, kwa kuwa hakutaka kupanda hadi shuleni. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, mmoja wa wale ambao insha zao nilizoea kuzisomea madarasa mengine. Jina lake sitalitaja. Itoshe kusema kwamba kwetu Wakamba mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku huitwa Mutuku na wa kike huitwa Nduku, na kwamba badiliko alilolifanya halikuwa kubwa kuliko hilo: usiku wa kuzaliwa ulibaki mle mle ndani ya jina.

Alikuwa amepata nafasi ya kazi Nairobi. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na jina la zamani, na huko kazini walitaka barua ya shule kuthibitisha kwamba mwenye cheti na aliyesimama mbele yao ni mtu mmoja.

"Ni mistari miwili tu, mwalimu," alisema. Kisha, bila kupandisha sauti: "Ile picha ya mbuzi niliiona. Shangazi mko naye katika kundi la kanisa. Aliniletea akaniambia, tazama alichotuma mwalimu wako."

Nilijitetea kwamba ulikuwa mzaha tu. Akajibu kwamba anajua, na kwamba hata yeye anapenda mizaha. Akatoa simu akanionyesha mmoja wa kwao. Karani ameshika kitambulisho. Anaitazama picha, anautazama uso, anaitazama picha tena. Saa ya ukutani imekwenda kutoka saa mbili hadi saa kumi, na buibui amekwisha kutanda utando kati ya bega la mteja na ukuta. Nilicheka hata muuza mbolea akachungulia. Humo jamii haikuwa imeduwaa wala kutishwa na mtu. Ilikuwa imekaa kitini nyuma ya dirisha, ina muhuri, na haina haraka.

Suala la cheti si geni kwetu walimu. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 kwa jina la Andrew, akapata alama ya A-. Ili cheti kifanane na maisha yake ilimbidi aende mahakamani dhidi ya Baraza la Mitihani ya Kitaifa. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru baraza hilo litoe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya jinsia, kwani kuondolewa kwa alama hiyo hakungepunguza ubora wa cheti. Naam, miaka 13 kati ya mtihani na hukumu! Mbuzi wa simu hushtaki asubuhi na kushinda kabla ya chakula cha mchana.

Nikipanda mlima kurudi shuleni nilimkumbuka nyanya mmoja wa kijijini kwetu. Hakujaliwa mtoto, naye akaoa. Msomaji asiye Mkamba asishtuke: mwanamke wa namna hiyo humlipia mahari mwanamke mwenzake, aitwaye iweto, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba ya yule aliyelipa. Sisemi kwamba iweto na kubadili jinsia ni kitu kimoja. Nyanya yule hakuwahi kusema yeye ni mwanamume, na mila yenyewe ilikuwa na shabaha ya kizazi na urithi wa shamba. Wala si maweto wote waliofurahia ndoa hizo. Lakini wazee wetu, walipomwona mwanamke akiomba nafasi ambayo kwa kawaida ni ya mume, walikaa chini, wakahesabu mbuzi wa mahari, wakampa mahali pa kuketi. Mbuzi walikuwa na kazi nyingine siku hizo.

Barua za shule yetu huandikwa kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikanikwamisha, kwa maana Kiingereza cha afisini hakipigi hatua mbili bila kuuliza kama unayemtaja ni wa kike au wa kiume. Huo ndio ugomvi wa viwakilishi ambao mimu nyingi huudhihaki, na wanafunzi wangu huucheka hadi machozi, wao ambao Kiswahili chao na Kikamba chao hakina ugomvi huo. Yeye ni yeye. Alikuja, akasoma, akafaulu: nani angejua? Si kwamba sisi ni wema zaidi. Tunao bwana na bibi, kaka na dada, na matusi yetu hayajawahi kukwama kwa kukosa kiwakilishi. Juzi nilikuta kidato cha pili wakimwita "ng'ombe" mwenzao mwenye sauti nyembamba. Nilipouliza jina hilo limetoka wapi, walitazamana, kisha wakanitazama mimi.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Nikachana karatasi ya kwanza na kuandika kwa Kiswahili, nikataja jina la zamani na la sasa, mwaka wa mtihani na gredi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna neno lisilo la kweli, nikamjibu kwamba hakuna, akagonga muhuri. Usiku huo niliifuta picha ya mbuzi katika simu yangu. Katika simu za wengine sina uwezo.

Siku kumi baadaye barua ilirudi na kijikaratasi kilichobanwa juu: iletwe kwa Kiingereza. Nimeiandika upya, na kila mahali ambapo lugha hiyo ilidai kiwakilishi nimerudia jina, mara sita katika aya moja. Inasomeka kama insha ya mtoto wa darasa la tano. Imeondoka jana na matatu ya saa kumi na mbili.