Sifa Iliyouzwa ni Deni

Kamera ya mlangoni huweza kubadilishwa na kampuni hata baada ya kuuzwa. Januari 2020, kampuni ya Wyze ya Marekani iliondoa katika kamera zake uwezo wa kumtambua mtu, kwa kusasisha programu tu, kwani Xnor.ai, iliyomiliki teknolojia hiyo, ilivunja mkataba. Kamera zilikuwa zimekwishalipiwa.

Basi mama wa Matinyani, Kitui, kama yule wa Pwani, atakaye kamera imlindie watoto, aulize kabla ya kulipa: sifa hii itadumu hadi lini? Ahifadhi risiti na tangazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kupata maelezo. Bei ikishapokewa, sifa iliyouzwa ni deni.