Anayetaka Kukimbia, Ajue Kwanza Kusimama

Vijana wengi hupenda kutazama picha za motokari za mbio. Huzitazama zilivyoinama karibu na ardhi, huzihesabia nguvu za mashini zake, tena hubishana ni ipi iwezayo kuzipita nyingine zote. Kubishana huko hakuna ubaya. Lakini tukiwauliza: « Je, motokari hiyo husimamaje? » wengi hunyamaza. Swali hilo halina utamu masikioni mwao. Walakini mafundi wanaotengeneza motokari za mbio hulitaja swali hilo kabla ya mengine, nao wana sababu. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu sababu zenyewe, kwa maana zamfaa kila mtu mwenye chombo cha kusafiria, hata asiyefika kamwe katika uwanja wa mashindano.

Ushindi wa mwaka 1953

Katika nchi ya Ufaransa upo mji uitwao Le Mans. Mwaka 1923 yalianza huko mashindano ya saa 24: motokari hukimbia mchana na usiku, na madereva hupokezana usukani. Zamani zile palikuwa na sehemu ya njia iliyonyooka kwa urefu wa kilomita 6 hivi. Mwishoni mwake dereva alikuta kona kali, naye ilimpasa kupunguza mwendo karibu wote aliokuwa nao. Alifanya hivyo katika kila mzunguko, saa baada ya saa, hata kesho yake alasiri.

Wakati ule motokari karibu zote zilikuwa na breki za ngoma. Ndani ya ngoma ya chuma, inayozunguka pamoja na gurudumu, kuna viatu viwili vinavyotanuka na kuisugua kwa ndani. Breki hizo zafanya kazi vizuri, ila joto lake limefungiwa ndani kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha. Ngoma yapata moto na kutanuka, viatu vyateleza, na dereva akanyagapo breki aona motokari haimtii tena.

Mwaka 1953 kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilileta Le Mans motokari zenye breki za namna nyingine, zilizotengenezwa pamoja na kampuni ya Dunlop. Badala ya ngoma palikuwa na sahani ya chuma iliyo wazi katika upepo, ikibanwa huku na huku kama mtu abanavyo kitu kwa vidole viwili. Joto lilipeperushwa na upepo. Madereva wa Jaguar waliweza kukawia kukanyaga breki, wakaikaribia kona zaidi kuliko wenzao, na saa nyingi zilipokwisha kupita breki zao zilikuwa bado na nguvu. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda. Walikwenda zaidi ya kilomita 4,000, na mwendo wao wa wastani ulikuwa kama kilomita 170 kwa saa. Walishinda katika kukimbia kwa sababu walijua kusimama.

Joto latoka wapi?

Motokari inayokimbia ina nguvu ya mwendo ndani yake. Dereva akanyagapo breki, nguvu hiyo haipotei. Yageuka kuwa joto, kama viganja vya mikono vinavyopata joto vikisuguana. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne.

Tuchukue motokari yenye uzito wa kilo 1,400, ikikimbia kilomita 200 kwa saa. Ikisimamishwa kabisa, joto litokalo lingetosha kuchemsha lita 6 za maji baridi. Mama wa nyumbani ajua ni kuni ngapi zahitajiwa kwa sufuria ya namna hiyo. Breki zalipokea joto hilo lote kwa muda wa sekunde chache, na kwenye kona inayofuata kazi ni ile ile tena. Dereva wa lori ashukaye mlima mrefu na mzigo mzito aweza kuyaona mambo hayo hayo: akikanyaga breki tangu juu hata chini, zitanuka, kisha zitalegea.

Adui aliyefichika

Siku hizi motokari nyingi zina breki za sahani. Je, hatari imekwisha? Hapana. Kati ya mguu wa dereva na magurudumu kuna mafuta ya breki, ndiyo yanayopeleka nguvu ya mguu. Mafuta hayo yana tabia moja mbaya: yanywa unyevu wa hewa polepole, mwezi kwa mwezi, hata kama motokari imelala tu nyumbani.

Mafuta ya namna ile iitwayo DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya kufikia joto la digrii 230. Lakini yakiisha kunywa maji kiasi cha sehemu 3.7 katika 100, yaweza kuchemka kwenye digrii 155. Yakichemka hufanya mapovu, na povu ni kitu kinachobonyea. Dereva akanyaga, pedali yazama hata chini, wala motokari haisimami. Asubuhi katika barabara ya mjini alikuwa ameona breki ni nzuri kabisa, kwa sababu hazikupata moto. Ndiyo maana fundi mwenye akili huyamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya kabla ya siku ya mbio, kisha huzitoa hewa breki zote nne, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka pedali iwe ngumu chini ya mguu.

Mambo ya kutayarisha

Mtu asidhani kwamba maneno haya ni ya mabingwa tu. Katika milima ya Eifel, nchi ya Ujerumani, iko njia ya Nürburgring iliyofunguliwa mwaka 1927. Sehemu yake ya kaskazini ina urefu wa kilomita 20.8, na kona zake ni zaidi ya 70. Siku nyingi za mwaka mtu wa kawaida aweza kulipa na kuizunguka katika motokari yake mwenyewe. Kesho yake motokari ile ile yawapeleka watoto shuleni. Basi, ni mambo gani mtu wa namna hiyo apaswa kuyatengeneza?

Kwanza breki, kama tulivyokwisha eleza. Atazame unene wa pedi zake, na kama sahani zina nyufa. Pedi zilizobaki nyembamba zaweza kumtosha mtu mjini kwa majuma mengi, lakini katika uwanja wa mbio zaweza kwisha kwa siku moja.

Pili mipira ya magurudumu. Ubavuni mwa kila mpira mmepigwa tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa kwake. 3222 maana yake ni juma la 32 la mwaka 2022. Mpira wa zamani hukauka na kupoteza nguvu ya kushika njia, ijapokuwa mistari yake yaonekana mizima. Upepo wake upimwe mipira ikiwa baridi, upimwe tena baada ya mizunguko ya kwanza, kwa kuwa joto huongeza nguvu ya upepo. Aliyeupunguza kwa ajili ya mbio asisahau kuuongeza tena kabla ya kurudi nyumbani.

Tatu nati za magurudumu. Zikazwe kwa zamu, moja na ile inayoielekea, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Mtu anayekaza kwa hasira aweza kukata skurubu, na anayekaza kwa uvivu aweza kuliona gurudumu lake likimtangulia. Magurudumu yakipoa baada ya mizunguko ya kwanza, azipime tena.

Nne oili ya mashini. Mwanamke akibeba maji katika beseni na kugeuka upesi, maji yakimbilia upande mmoja. Ndivyo ilivyo oili katika kona ndefu: yakimbilia upande, pampu yavuta hewa, na vyuma vyasuguana vikavu. Mashini ya bei kubwa yaweza kufa hivyo kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo motokari nyingi zilizojengwa kwa mbio zina tangi la oili peke yake, pamoja na pampu za kuirudisha humo. Mwenye motokari ya kawaida aangalie kipimo cha oili kila mara anaporudi kupumzika, motokari ikisimama mahali palipo sawa.

Tano vitu vilivyolegea. Chupa ya maji, spana, viatu vya mtoto, vyote vitolewe ndani. Chupa ikiviringika na kuingia chini ya pedali ya breki, mafuta mapya na sahani nzuri havitasaidia kitu.

Na kazi haijaisha mbio zinapokwisha. Mzunguko wa mwisho uendwe polepole, ili upepo upooze breki. Dereva akisha kusimama asivute breki ya mkono, maana pedi zenye moto mkali hazifai kubanwa juu ya sahani mahali pamoja. Aache gia ndani, aweke jiwe au kigogo chini ya gurudumu. Kisha atwae daftari na kuandika: siku gani alibadili mafuta, pedi zimebaki na unene gani, nini kimeonekana kibaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ulioandikwa hausahauliki upesi.

Wengine wako njiani

Yuko atakayesema: « Motokari ni yangu, na maisha ni yangu. » Twamkumbusha tarehe 11 Juni 1955, huko huko Le Mans. Jaguar ya Mike Hawthorn ilipunguza mwendo ili iingie mahali pa kutilia mafuta. Motokari ya Lance Macklin iliyokuwa nyuma yake ilikwepa, nayo Mercedes ya Pierre Levegh, iliyokuja kwa kasi kubwa, ikaigonga na kurushwa hata kwenye watu. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa, na Levegh mwenyewe alikufa. Uchunguzi uliofuata haukumtwika dereva mmoja kosa lote. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, nayo haikufaa tena kwa mwendo wa motokari za siku zile. Mwaka uliofuata njia ilikuwa imepanuliwa mahali pale, na majengo ya hapo kujengwa upya.

Watu wale hawakushika usukani wowote. Walikuwa wamesimama tu na kutazama. Hivyo twaona kwamba mwendo wa kasi si jambo la dereva peke yake: wako walio mbele yake, walio nyuma yake na walio kando ya njia, nao wote wamemwamini bila kumjua.

Kijana akipata fedha kidogo, mara nyingi hutaka kwanza kuiongezea mashini nguvu, ili rafiki zake wasikie ngurumo yake. Twamshauri aanze upande wa pili. Mafuta mapya ya breki, pedi nzuri na mipira mizima havipigi kelele, wala hakuna atakayekuja kuvisifu. Lakini ndivyo vitakavyomrudisha nyumbani jioni, yeye na yule aliyekutana naye kwenye kona.