Presha ya baba, kifua cha mdogo wangu na baridi ya Njombe

Saa 12:40 asubuhi, Jumamosi ya katikati ya Julai. Ukungu umeshuka hadi kwenye uzio, na nyasi za nyuma ya jiko zimelowa kama zimemwagiwa maji. Mdogo wangu anafunga kamba za raba akiwa amevaa soksi mikononi, maana glavu hana. Baba anapuliza vidole vyake, kisha anabonyeza tairi la mbele la Phoenix kuona kama lina upepo. Mama amesimama mlangoni, kitenge mabegani.

“Huyo mtoto akirudi na nimonia,” anasema, “mtamuuguza ninyi wawili. Mimi simo.”

Nilikuwa nimefika kwa basi jana yake kutoka Dar es Salaam, nimevaa masweta mawili na sijui niwe upande wa nani. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, lakini mbele ya mama hilo halinipi mamlaka yoyote.

Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mwaka huu alikosa nafasi moja tu kuingia timu ya UMISSETA ya wilaya kwenye mbio ndefu. Ukutani kwake amebandika picha ya Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Kijana akaamua kwamba baridi yote hii hatalala. Baba naye, mwenye miaka 54, aligundulika na presha mwaka jana na kuambiwa afanye mazoezi. Goti lake halikubali kukimbia, ndipo akaishusha baiskeli iliyokuwa imening’inia stoo tangu mimi niko sekondari. Mmoja anakimbia, mwingine anaendesha kando yake, mpaka vijijini na kurudi.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti si miezi ya mchezo. Kule Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, kuna alfajiri unakuta umande umeganda. Swali la mama halikuwa la kijinga hata kidogo.

Kwanza, mwendo wa kuongea

Kukimbia masafa marefu wakati wa baridi si jambo alilobuni mdogo wangu. New Zealand, ambako majira ya baridi huangukia Juni hadi Agosti kama kwetu, kulikuwa na kocha aliyeitwa Arthur Lydiard, mtu aliyefanya kazi kiwanda cha viatu. Vijana wake walikimbia hadi kilomita 160 kwa wiki, na Jumapili walipanda vilima vya Waitakere, nje ya Auckland, mzunguko wa kilomita 35. Hata Peter Snell, aliyekuwa akishindana mita 800, alipanda nao. Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Snell alitwaa dhahabu ya mita 800, na siku hiyohiyo mwenzake Murray Halberg akatwaa ya mita 5,000.

Wengi wakisikia hizo kilomita wanaiga umbali na kusahau mwendo. Mbio hizo ndefu hazikuwa za kushindana. Kipimo kilikuwa unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukata pumzi. Kwa mwendo huo moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mishipa midogo ndani ya misuli huongezeka. Kazi hiyo inahitaji wiki nyingi, haiharakishwi kwa kukimbia kama unafukuzwa.

Hapo ndipo baiskeli ya baba ilipopata kazi nyingine. Njia nzima anamsimulia mwanawe habari za mashamba ya parachichi na nani kauza mbao kwa bei gani. Kijana akishindwa kujibu sentensi nzima, mzee anapunguza mwendo, na ni marufuku kumpita. Walianza na kilomita 6, wakawa wanaongeza moja kila wiki, na kila wiki ya nne wanarudi chini. Mtoto hapaswi kupangiwa kilomita za Simbu. Mwili wake bado unajenga mifupa.

Kikohozi kilichotutisha

Jumamosi hiyo walirudi salama. Jumanne mdogo wangu akaenda peke yake, kabla jua halijachomoza, na akatoka mbio tangu getini. Alirudi akikohoa, kifua kinabana, na ukisogeza sikio ulisikia kama filimbi ndani. Mama hakusema neno. Alichukua raba akazifungia kabatini.

Tulimpeleka kituo cha afya. Tabibu alimuuliza maswali ambayo nami ningetamani kila mzazi ayakariri. Kinaanza lini? Dakika chache baada ya kusimama. Kinaisha lini? Kabla ya saa moja. Una homa? Hapana. Ukiwa umekaa tu, unakohoa? Hapana. Akamtuma akimbie kuzunguka jengo, kisha akamsikiliza kifua tena.

Haikuwa nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, si hewa ya baridi yenyewe. Kilichompata ni mirija ya hewa kubana kwa sababu ya mazoezi, jambo linalowapata wenye pumu na hata baadhi ya wasio nayo. Pua kwa kawaida hupasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika mapafuni. Mtu akihema kwa nguvu kupitia mdomo, hewa nyingi ya baridi na kavu inaingia moja kwa moja, mirija inapoteza unyevu, nayo inajibana.

Alipewa dawa ya kuvuta, apige kama dakika 15 kabla ya mazoezi. Lakini nusu ya matibabu haikuuzwa dirishani. Aanze na kutembea, kisha kukimbia polepole kwa dakika 10 hadi 15. Afunike mdomo na pua kwa kitambaa, ili hewa anayoivuta ipate joto la ile aliyoitoa. Asubuhi ya baridi kali asubiri jua, au aende jioni. Akiwa na mafua au homa, abaki nyumbani.

Mzazi, mtoto wako akihema haraka huku amekaa, akiwa na homa, midomo ikigeuka rangi au dawa ya kuvuta ikashindwa kumtuliza, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali.

Mzee naye

Baridi hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Kwa hiyo mtu kama baba hapaswi kuruka kitandani na kupanda mlima kwa baiskeli. Yeye humeza dawa kama alivyoelekezwa na kunywa chai, kisha kilomita za kwanza anakanyaga taratibu kwenye tambarare. Tulikubaliana asiache dawa kwa sababu tu vipimo vimekuwa vizuri. Wapo wanaofanya hivyo na kuishia na kiharusi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ghafla maana yake ni kushuka kwenye baiskeli na kutafuta msaada siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mzunguko mmoja wa Jumamosi unampa baba zaidi ya nusu ya kiwango chake cha chini.

Hatari nyingine ni barabara. Ile kubwa ya Makambako–Songea ina malori ya mbao, na kwenye ukungu dereva anakuona akiwa ameshakufikia. Wao wanachepuka mapema kuingia njia ya vumbi kati ya misitu ya misonobari. Baba amefunga taa nyuma na kununua kofia ngumu ya mtumba, ingawa majirani walicheka.

Anayeendesha baiskeli huhisi baridi kuliko anayekimbia, kwa sababu upepo unampiga na miguu tu ndiyo inafanya kazi. Waendesha baiskeli wa Ulaya walikuwa na ujanja wa zamani: wakifika kileleni walichomeka gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya kuteremka, likakinga upepo. Baba ameujaribu, na ndiyo maana nakala za gazeti hili nyumbani kwetu zina mikunjo ya ajabu. Mkimbiaji, yeye atoke akihisi baridi kidogo, maana baada ya dakika 10 atapata joto. Fulana ya pamba ikilowa jasho inamgandisha akisimama, hivyo akifika abadilishe mara moja.

Jiko la mkaa

Hapa ndipo niligombana na familia yangu kwa dhati. Wakirudi wamelowa, desturi ni kuingiza jiko la mkaa chumbani, kufunga mlango, kukausha nguo na kuota moto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili ya kwanza ni kuumwa kichwa na usingizi, na aliyechoka kwa kukimbia kilomita 10 hatashangaa kusikia usingizi. Atalala na asiamke. Siku hizi jiko linabaki barazani, nguo zinaanikwa juani, na wanaooga wanapelekewa maji ya moto.

Ulanzi baada ya mazoezi pia tumeukataa, mzee akinung’unika. Pombe hukufanya ujisikie una joto huku mwili ukiendelea kulipoteza kupitia ngozi. Uji, viazi na maharage vinatosha. Na wanywe maji, kwa sababu kwenye baridi kiu haiji lakini jasho linatoka.

Nilimwachia mama kazi ya ukaguzi. Maumivu chini ya goti au kisiginoni yanayozidi siku mbili, kijana anapumzika. Anayekosa usingizi, anayepungua uzito au kushuka darasani, anapumzika. Wenye mabinti wanaokimbia waongeze hili: hedhi ikikatika, si dalili ya kuiva kimazoezi. Ni mwili unalia njaa, na anapaswa kuonwa na daktari.

Raba zilitoka kabatini baada ya siku tisa. Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, nikiwa kwenye daladala Dar es Salaam, nilipokea ujumbe wa baba: “Kamwene mwanangu. Leo kilomita 12, hakukohoa. Amefunika mdomo kwa shali ya mama yako. Mama anasema shali irudishwe imefuliwa.”