Jahazi Hutazamwa Kuanzia Mkukuni

Kila Novemba, Lamu inapofanya tamasha lake la utamaduni, picha zinazotufikia huku Kakamega hufanana mwaka baada ya mwaka: matanga yaliyojaa upepo, mabaharia wamening'inia ubavuni, umati gatini unapiga vifijo. Ni picha nzuri. Ila zinatuonyesha sehemu ya chombo ambayo fundi aliyekiunda huifikiria mwisho. Tanga likichanika hushonwa jingine na kazi ikaendelea. Kinachoamua kama jahazi litafika mikononi mwa wajukuu wa mwenyewe kimo ndani ya maji, na anayesafiri kutoka bara hadi pwani asikione amekosa jambo lenyewe.

Nimefanya kazi na mbao miaka mingi, na naamini watu wa Kakamega wanaweza kuwa watazamaji wazuri wa vyombo vya baharini kuliko wanavyojidhania. Hatuna bahari, lakini tumekulia kando ya msitu ambao ni masalio ya misitu mikubwa ya mvua iliyowahi kuenea hadi Kongo. Mukumari, mutere, mwiritsa na mvule si majina ya vitabuni kwetu. Seremala wa hapa hunyanyua kiti tu, akajua ni mukumari au saiprasi. Macho hayo ndiyo yanayohitajika Lamu, kwa maana jahazi ni mti kabla halijawa chombo cha baharini.

Basi usisubiri saa ya mashindano ya majahazi. Fika siku iliyotangulia, maji yakiwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, au vuka uende Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa kinachojulikana kwa uundaji wa vyombo. Toa salamu zako vizuri, mwamkie mzee wa kazi, omba ruhusa ya kutazama, kisha uiname. Mashindano ya vyombo hayatofautiani sana na ya fahali kule Ikolomani: mgeni hutazama pembe, mwenye fahali hutazama miguu.

Cha kwanza kutazama ni mkuku, ule mti mrefu unaokwenda omo hadi tezi na kubeba kila kingine. Hapo fundi hataki mchezo. Hutafuta mti mzito, mgumu, usiooza upesi, na pwani yetu mbambakofi umesifiwa kwa kazi hiyo tangu zamani. Pitisha mkono juu yake. Utahisi alama za tezo, kijibonde baada ya kijibonde, na zikiwa zimefuatana kwa utulivu utajua mkono ulioishika haukuwa wa mwanafunzi.

Kisha chungulia ndani uone mataruma. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo elimu yote ya chombo cha mbao ilipo.

Mti ni fungu la nyuzi ndefu zilizoshikamana. Kuukata kwa kukingama na nyuzi ni kazi ngumu. Kuupasua kwa kufuata nyuzi ni rahisi, kila mpasua kuni anajua. Sasa taruma ni ubavu wa chombo, na ubavu lazima upinde. Ukichukua ubao ulionyooka ukachonga pinde ndani yake, nyuzi hazitafuata pinde hilo. Zitakatika pembeni, na siku wimbi likigonga, taruma litapasuka hapohapo nyuzi zilipokatika. Kwa hiyo fundi hachongi pinde. Huenda kulitafuta likiwa limeshamea. Huingia kwenye mikoko au msituni akiwa na umbo kichwani, akitazama mahali tawi linapoachana na shina, au mzizi unapojikunja kuingia tope, na akipata mkunjo unaolingana na ubavu anaoujenga, huukata huo. Mkomafi, mmoja wa miti ya mikoko, hupendwa kwa sababu hukua kwa kujipinda namna hiyo.

Yafikirie hayo kwa macho ya huku kwetu. Kakamega tunataka mti ulionyooka. Uliopinda hupelekwa jikoni au kwenye tanuri la makaa. Kule pwani mti uliopinda ndio wenye thamani, na msitu ambao seremala wa nyumba angeuona hauna mbao, fundi wa vyombo huuona umejaa mbavu. Ukiwa mbele ya jahazi, fuata mistari ya nyuzi kwa kidole kwenye mataruma matatu manne. Ikipinda pamoja na taruma, chombo hicho kimeundwa na mtu aliyevumilia kutafuta. Ikikatwa na ukingo, kuna mtu alikuwa na haraka.

Na usitafute mchoro, maana mara nyingi haupo. Mafundi wengi wa Lamu huunda kwa jicho na kwa kipimo cha mkono. Katika ufundi wa zamani wa Bahari ya Hindi, mbao za ubavuni hutangulia kupandishwa juu ya mkuku, na mataruma hufuata, yakichongwa yakubaliane na ubavu uliokwisha pata umbo. Wajenzi wa Ulaya ya karne za karibuni walifanya kinyume: mbavu kwanza, kisha ngozi. Kwa njia yetu umbo la chombo limo katika akili ya mtu mmoja hadi mbao zinapolifichua, na akifa bila mwanafunzi amekwenda nalo.

Mishono kati ya mbao hutiwa kalafati: nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, zikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mshono haufungwi na pamba peke yake. Mbao zikiingia majini hunywa, huvimba, zikabanana zenyewe. Ndiyo maana chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja kikirudishwa majini, na mwenyewe haingiwi na wasiwasi. Hufua maji na kusubiri mbao zishibe. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake utaisikia kabla hujaviona vyombo. Deheni ina adui maalumu: minyoo ya baharini inayotoboa mbao kutoka ndani hadi zikabaki kama sega. Chombo kisichopandishwa na kudeheniwa kila baada ya miezi kadhaa huliwa huku nje kikionekana kizima.

Misumari nayo ni mgeni katika historia hii. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1, katika mwongozo wa wafanyabiashara unaojulikana kama Periplus, alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Ushonaji huo ulidumu hadi karne ya 20 katika mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichofungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kikiendeshwa kwa tanga la mkeka la pembe nne. Mtepe ulibeba boriti za mikoko kuelekea kusini, na ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne hiyo. Usiondoke Lamu bila kuingia makumbusho yake utazame mfano mdogo wa mtepe. Wenzetu wa Oman walikwenda mbali zaidi: waliunda chombo kizima cha kushonwa, Jewel of Muscat, wakikifuata chombo cha karne ya 9 kilichopatikana kimezama Indonesia, na mwaka 2010 kikasafiri kwa tanga kutoka Muscat hadi Singapore. Na katika mji wa Sur, ambako Kiswahili kingali kinasikika katika familia nyingi, wamekihifadhi Fatah al-Khair, chombo kilichoundwa hapohapo mwaka 1951, kikauzwa Yemen, kisha kikanunuliwa tena na kurudishwa mwaka 1993.

Nchi nyingine zina maonyesho makubwa ya vyombo vya mbao. Port Townsend kule Marekani wameyafanya tangu 1977, Hobart kule Australia tangu 1994, na Brest nchini Ufaransa hukusanya vyombo vya dunia nzima kila baada ya miaka minne. Ningependa kila mpenda mbao ayaone. Hata hivyo, vingi vya vyombo hivyo ni mali ya wapenzi wanaovitunza kwa fedha zilizopatikana kwingine. Lamu chombo kinachoshindana Jumamosi kinaweza kuwa kinabeba mchanga au kuvua Jumatatu. Makovu utakayoyaona ubavuni ni ya kazi, na jinsi kiraka kilivyounganishwa hukufundisha kuliko ubao mpya uliong'arishwa.

Sasa mashindano yenyewe yakianza utayaelewa. Tanga letu la pembetatu huning'inia kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa juu ya mlingoti kwa mshazari. Upepo ukiwa nyuma, kila chombo kinaonekana hodari. Tazama wanapofika kwenye boya na kulazimika kugeuka. Foromali lazima lipitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, watu wakihama, mifuko ya mchanga ikihamishwa ili chombo kisilale, na yote hayo ndani ya muda mfupi huku nahodha akishika usukani. Mashindano mengi hushindwa hapo. Wale wanaotoka nje ya ubavu juu ya ubao hawafanyi maonyesho. Uzito wao ndio unaozuia tanga kuulaza mwili wa chombo. Na chombo ambacho mataruma yake ni legelege hujikunja kidogo kila upepo unapokaza, kikapoteza nguvu ambayo kingeitumia kwenda mbele. Hivyo ulichokiona mchangani jana unakiona leo katika mwendo.

Ufundi huu haukubaki pwani. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilipita Mumias, kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, hatua chache kutoka hapa tulipo, na wafanyabiashara wa pwani waliunda majahazi juu ya Ziwa Viktoria lenyewe. Mmoja wao, Songoro, aliyeuawa Ukerewe mwaka 1877 pamoja na wamisionari wawili Waingereza, alikuwa na chombo cha namna hiyo. Ziwa lilikuwa tayari na ufundi wake mkubwa: mitumbwi ya Wasese na Waganda, iliyoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya mkuku uliochomoza mbele kama pembe, na ambayo mvumbuzi Stanley aliiona katika vita vya Kabaka Mutesa mwaka 1875. Tanga la pembetatu utakaloliona leo katika Ghuba ya Winam lilipandishwa juu ya urithi huo.

Kwa hiyo asiyeweza kufika Lamu asikate tamaa. Kisumu iko kilomita 50 hivi kutoka Kakamega, na ufuko wa Dunga uko pembeni yake tu. Nenda asubuhi, wavuvi wakirudi. Mashua za huko hupakwa rangi kali na kuandikwa majina, lakini wewe inama kama ungekuwa Matondoni. Utaona tofauti. Hakuna deheni, kwa kuwa minyoo ile ya kutoboa mbao haiishi katika maji baridi ya ziwa. Adui wa huku ni kuoza, hasa pale maji ya mvua yanapotuama ndani, na kugongwa kwenye mawe ya ufukweni. Ndiyo sababu mara nyingi utaona vipande vya bati vimepigiliwa juu ya mishono. Chunguza kilicho chini ya bati.

Wapo wanaotafuta njia nyingine. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la takataka za plastiki lililofunikwa kwa kandambili zilizookotwa ufukweni. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Viktoria. Nililolipenda zaidi ni kwamba mafundi waliichonga na kuiunga plastiki kwa mikono ileile iliyozoea mbao. Fibaglasi nayo inaingia ziwani na baharini, na mvuvi anayeichagua simlaumu. Mvule umekuwa adimu na ghali, na mashua ya mbao laini hudumu miaka michache tu.

Ndipo linapofika swali ambalo nawasihi mumwulize kila fundi mtakayemkuta Dunga au Matondoni, kabla ya bei na kabla ya picha: mbao hizi zimetoka wapi? Serikali ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma Februari 2018, na zuio hilo likaondolewa 2023, lakini uhaba wa miti migumu ulianza zamani kuliko zuio. Ziwani mara nyingi mtaambiwa Uganda au Kongo. Mvule ulioota Magharibi mwa Kenya ulikatwa na vizazi vilivyotangulia, na unaopandwa leo utahitaji zaidi ya nusu karne kabla haujatoa mkuku mmoja. Msitu wetu wa Kakamega umehifadhiwa na haufai kuguswa. Mashambani, hata hivyo, bado kuna nafasi kando ya mito ya Isiukhu na Yala, na miche ya mvule na mukumari huota vizuri katika udongo huu. Mkiipanda, iacheni michache ijipinde inavyotaka.