Klachi na Breki katika Mashine ya Kukereza Chuma

Mkerezaji anapoingiza kisu kwa kina katika chuma kigumu, mara nyingine hutokea jambo la kushangaza. Mota inaendelea kuvuma kama kawaida, mikanda inazunguka, lakini chuma kilichoshikwa mbele ya macho yake kinapunguza mwendo na hatimaye kusimama kabisa. Aghalabu lawama ya kwanza hutupiwa mota, na ya pili mikanda. Mota hufunguliwa bure. Ugonjwa umo ndani ya kichwa cha mashine, kwenye klachi, na mara nyingi dawa yake ni kuizungusha nati moja kwa kiasi cha pengo moja tu.

Mfano mzuri wa kujifunzia jambo hili ni mashine ya Kisovieti 1K62, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1956 katika kiwanda cha Krasny Proletary, mjini Moscow. Ukoo wake ulianzia DIP-200 ya mwaka 1932. Herufi DIP zilifupisha kaulimbiu ya Kirusi ya siku zile, yaani “kufikia na kupita”: kuzifikia nchi za kibepari kwa viwanda, kisha kuzipita. Tarakimu 200 ni urefu, kwa milimita, kutoka kitandani mwa mashine hadi kitovu cha spindeli, ambayo ndiyo mhimili mkuu unaoizungusha kazi. Spindeli ya 1K62 ina kasi 23, kuanzia mizunguko 12.5 hadi 2,000 kwa dakika.

Mwanafunzi huweza kuuliza: kwa nini mota isizimwe na kuwashwa kila spindeli inapohitaji kusimama? Jibu limo katika umeme. Mota ya kawaida ya viwandani ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mkubwa mara tano hadi saba kuliko ule wa kazi. Mkerezaji huisimamisha spindeli mara nyingi sana kwa siku ili apime kazi yake, mota ingechemka. Kwa hiyo mota huachwa izunguke, na wenzo mmoja huamua mambo matatu: upande mmoja spindeli huenda mbele, upande wa pili hurudi nyuma, na katikati klachi huachia na breki hushika.

Klachi hiyo ni rundo la sahani nyembamba za chuma zilizopangwa kwa kupokezana. Sahani za aina moja zina meno kwa ndani, nazo hushika shafti. Za aina ya pili zina masikio kwa nje, nayo huingia katika mifuo ya kikombe cha gia. Zikibanwa pamoja, zote huzunguka kama kitu kimoja. Hapa fizikia inamsaidia fundi: kila jozi ya nyuso zinazogusana huongeza msuguano wake, hivyo nyuso kumi hubeba mzigo mara kumi ya uso mmoja, ingawa nguvu ya kubana ni ile ile.

Lakini wingi huo ndio udhaifu wake pia. Mwendo wa wenzo unaobana sahani haubadiliki. Kila moja ya sahani 20 ikilika kwa milimita 0.02 tu, rundo zima limepungua milimita 0.4, na wenzo unafika mwisho wa safari yake kabla sahani hazijabanwa sawasawa. Zinateleza, zinapata moto, na zikiachwa hivyo hugeuka rangi ya buluu na kupinda.

Kurekebisha ni kazi fupi. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu, kifuniko hufunguliwa, komeo dogo lenye springi hubonyezwa, nati huzungushwa pengo moja, kisha komeo huachiwa likae ndani ya pengo. Fundi mwenye haraka huzungusha mapengo matatu “ili asirudie tena”. Huyo amebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine: sasa sahani haziachani hata wenzo ukiwa katikati, spindeli inatambaa polepole, na breki inashindana na klachi. Spindeli inayotambaa ilhali mkono wa mwanafunzi uko karibu na taya ni hatari kuliko inayoteleza.

Breki ya 1K62 ni ukanda wa chuma wenye bitana, uliozungushwa juu ya gurudumu. Kazi yake si ndogo. Chaki ya kilo 15 (ile inayoshika kazi, si ya ubaoni) yenye kipenyo cha milimita 200, ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ina nishati ya jouli 410 hivi, sawa na jiwe la uzito huo lililoanguka kutoka mita 2.8. Kasi ikiongezwa maradufu, nishati huwa mara nne.

Ukanda una tabia ya kuvutwa na gurudumu lenyewe upande mmoja na kulegezwa upande wa pili. Ukizunguka robo tatu ya duara, na kipimo cha msuguano kikiwa 0.2, upande mmoja hushika mara mbili na nusu zaidi ya mwingine kwa mvuto ule ule. Basi spindeli ikichelewa kusimama inaporudi nyuma, huenda hapana kasoro yoyote.

Breki ikilegea, wengine huisimamisha spindeli kwa kuurusha wenzo upande wa kurudi nyuma. Rundo la upande huo lina sahani chache, kwa kuwa halikukusudiwa kubeba mzigo wa kukata, ndilo linaloungua. Na katika mashine za zamani zaidi ambazo chaki imefungwa kwa hesi, kusimama kwa ghafula kunaweza kuifungua: spindeli imesimama, chaki inataka kuendelea, na hesi inampa njia. Breki kali mno kwa mashine kama hizo ni kosa.

Bitana za miaka ile ziliweza kuwa na asbesto, na vumbi lake husababisha saratani. Anayefungua breki ya zamani asilipulize vumbi kwa hewa wala kulifagia kavu. Hulilowesha kwa maji, hulifuta kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha vumbi kabla hakijakauka.